Maisha ya Ibn Battuta, Mgeni wa Watu Wote

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda safari hii kuwaeleza ndugu zetu wasomaji maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye miguu yake iliukanyaga mchanga wa kisiwa cha Mombasa karibu miaka 700 iliyopita. Mtu huyo ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja. Wengi wamekwisha kuandika juu ya nchi alizoziona na wafalme aliokutana nao. Sisi twataka kuyatazama maisha yake kwa upande mmoja tu, nao ni namna alivyotendewa njiani na watu asiowajua wala wasiomjua. Na kabla ya kuingia katika khabari zake, yatupasa tueleze ni jambo gani lililotusukuma kuishika kalamu.

Mimi mwandishi nilisafiri kwa shughuli ya biashara hatta Ndabibi, iliyo magharibi ya ziwa la Naivasha katika Bonde la Ufa. Gari nililopanda liliharibika baada ya kupita Kongoni, na jua lilikuwa linatua. Nchi ile i juu sana, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku si kama baridi ya kusi tuijuayo sisi watu wa pwani. Nilisimama kando ya njia na kanzu yangu nyepesi, sina nimjuaye hata mmoja.

Nakiri kuwa niliingiwa na khofu. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakipita katika bonde hilo na misafara yao ya pembe za ndovu katika karne ya kumi na tisa, na khabari walizorudi nazo hazikuwa njema zote. Mwezi wa Novemba 1895, katika bonde la Kedong lililo kusini-mashariki ya ziwa hilo, msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Ravine ulizozana na Wamasai, na mamia ya watu wa msafara wakauawa. Serikali ya wakati ule ilipochunguza iliona kuwa watu wa msafara wenyewe ndio walioanza kuwaudhi wenyeji katika nchi yao. Basi mgeni aweza kudhulumiwa, na aweza pia kudhulumu. Na kwa sababu hiyo watu wawili wasiojuana wakikutana jioni penye njia tupu, kila mmoja humwogopa mwenziwe.

Nikiwa katika hali hiyo alitokea mzee mmoja akiswaga kondoo wake. Hakuniuliza kabila yangu wala dini yangu. Aliniuliza kama nina mahali pa kulala, nami niliposema sina, akanichukua kwake. Alipoiona kofia yangu na kufahamu kuwa mimi ni Muislamu, naye si Muislamu, alileta kuku akiwa hai pamoja na kisu, akanipa nimchinje kwa mkono wangu mwenyewe, ili nisile chakula chake nikiwa na shaka. Mkewe akanitilia maji ya moto ya kutawadhia. Asubuhi nilitaka kuwalipa wakakataa, na mzee akanisindikiza mpaka nikapata gari. Nikamwambia, kama ilivyo desturi yetu, kuwa siku atakapoteremka pwani aulizie mtaa wetu na msikiti wetu, kwani nyumba yangu ni nyumba yake. Yaliyofuata baada ya ahadi hiyo nitayaeleza mwisho wa makala haya. Sasa tumsikilize Ibn Battuta.

Kuondoka kwake

Jina lake ni Muhammad bin Abdillahi, wa kabila la Lawata katika Waberberi. Alizaliwa Tanja, mji wa Moroko ulio penye mlango wa bahari baina ya Afrika na Andalus, katika mwezi wa Rajab mwaka wa 703 wa Hijra, yaani Februari 1304. Watu wa ukoo wake walikuwa makadhi, naye alisomeshwa sharia kwa madhehebu ya Imam Malik. Alipokuwa kijana wa miaka 21, katika Juni 1325, aliwaaga wazazi wake wote wawili, nao wangali hai, akatoka peke yake kwenda kuhiji. Hakuwa na rafiki wa kufuatana naye wala msafara wa kujiunga nao. Alidhani atarudi baada ya muda mchache. Hakurudi katika nchi yake illa baada ya miaka 24.

Haukupita muda mrefu akaonja uchungu wa ugeni. Alipofika Bijaya, katika nchi iitwayo leo Aljeria, alishikwa na homa kali. Mmoja katika wenzake wa njiani alimshauri abaki mpaka apone. Alipokataa, mtu huyo alimwambia auze mnyama wake na mizigo yake mizito, kisha yeye akamwazima mnyama wa kupanda na hema ya kulalia. Walipofika Kusantina mvua ilikuwa imewanyeshea usiku kucha, na nguo za Ibn Battuta zilikuwa zimechafuka vibaya. Mtawala wa mji alipomwona aliamuru nguo zile zifuliwe nyumbani kwake. Mojawapo ilikuwa imechakaa, akampa mahali pake nguo nzuri ya Baalbek, na katika ncha yake akafunga dinari mbili za dhahabu. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyoipokea katika safari zake, na baada ya miaka 30 alikuwa bado anaikumbuka.

Akaendelea na safari huku homa imemrudia, hatta akawa hujifunga juu ya tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka. Hivyo ndivyo alivyofika Tunis. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara. Huyu akimwamkia nduguye, yule akimkumbatia rafiki yake, na kila mmoja ana mtu wake. Ibn Battuta hakuamkiwa na yeyote, kwani hakuna aliyemjua. Aliona upweke mkubwa moyoni mwake hata akashindwa kuzuia machozi, akalia mbele za watu.

Mmoja katika mahujaji akalitambua jambo lililomliza. Akamwendea, akamtolea salamu, akamkabili kwa maneno mazuri, wala hakumwacha bali alikwenda akizungumza naye mpaka wakaingia mjini.

Ewe ndugu msomaji, hebu litazame jambo hili kwa makini. Mtu yule hakumpa Ibn Battuta fedha, wala nguo, wala chakula. Alimpa salamu na mazungumzo ya mwendo mfupi tu. Lakini Ibn Battuta, baada ya kuketi na masultani na kupewa farasi na dhahabu, hakumsahau mtu huyo. Na sisi leo hatumjui mtu huyo kwa jina. Twalijua tendo lake tu.

Wema wa Dameski

Mwaka wa 1326 Ibn Battuta alifika Dameski, katika mwezi wa Ramadhani. Mwanachuoni mmoja wa madhehebu ya Malik, jina lake Nuruddin as-Sakhawi, alimwalika awe akifuturu kwake kila usiku. Baada ya siku nne Ibn Battuta alishikwa na homa asiweze kwenda. Mwanachuoni yule alituma mtu kumtafuta, hakukubali udhuru wake, akamtaka augulie nyumbani kwake, naye akakaa hapo mpaka siku ya Idi. Na alipojua kuwa mgeni wake amekwisha fedha, alimkodia ngamia, akampa masurufu na akiba ya njiani. Tuangalie kwamba wema huu ulianza kwa kuulizia tu. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu wakati wa futari, na mwenye nyumba akataka kujua sababu.

Katika mji huo aliona mambo ya wakfu yaliyomstaajabisha. Palikuwa na wakfu wa kuwasaidia wasioweza kwenda kuhiji, na wakfu wa kuwatengenezea mabinti masikini vyombo vya harusi, na wakfu wa kuwakomboa mateka, na wakfu wa kuwalisha na kuwavisha wasafiri mpaka wafike makwao. Siku moja alipita katika kichochoro akamwona kitwana mdogo ambaye sahani ya kauri ya Kichina imemponyoka mkononi ikavunjika. Mtoto aliogopa kupigwa na bwana wake. Watu wakamkusanyikia, na mpita njia mmoja akamwambia avikusanye vigae vyake ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akafuatana naye mpaka huko, vigae vikaonyeshwa, na mtoto akapewa thamani ya kununulia sahani nyingine mfano wa ile.

Wakfu ule uliwekwa na tajiri au mtawala. Lakini kama hapangepatikana yule mpita njia wa kusimama, kumwelekeza mtoto na kufuatana naye, mali yote ya wakfu isingalimfaa mtoto yule kwa kitu.

Katika pwani yetu

Baada ya kuhiji na kukaa Makka na kuzunguka Iraki na Uajemi na Yemen, Ibn Battuta alipanda chombo Adeni akateremka pwani ya Afrika ya Mashariki. Wengi katika wataalamu wa tarehe wasema kuwa ilikuwa mwaka wa 1331.

Alianza kufika Zaila, kisha Mogadisho. Desturi ya Mogadisho wakati huo ilikuwa kwamba chombo kikifika bandarini, vijana huenda kukipokea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, na humpa mfanyabiashara mmoja katika waliomo chomboni na kumwambia kuwa huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara hafikii illa kwa mwenyeji wake huyo. Hapana shaka kuwa palikuwa na faida ya biashara katika jambo hilo, kwani mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mgeni wake. Lakini sharia haikumkataza mtu kupata faida pamoja na kutenda wema. Ibn Battuta, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alipelekwa kwa sultani, akatiwa marashi, akapewa tambuu na popoo, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi. Akaletewa wali wa samli na vitoweo vyake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili na tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa pwani hana haja ya kufasiriwa vyakula hivyo!

Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliona kisiwa chenye migomba na milimau, na watu ambao chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka yao hutoka ng'ambo. Hakusema kuwa alikaribishwa katika jumba la mfalme, wala hakutaja zawadi yoyote. Alisema kuwa watu wa Mombasa ni watu wa dini, wenye kujizuia na maovu na wenye mwenendo mwema, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kisha akaeleza kitu ambacho kwa mwingine kingalionekana ni kidogo mno. Penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na kata ya mti yenye mpini mwembamba wa kutekea maji. Mahali pa kuzunguka kisima palikuwa pamesawazishwa. Mwenye kutaka kuingia msikitini huosha miguu yake, na mlangoni pana kipande cha jamvi nene cha kufutia miguu.

Basi hiyo ndiyo sifa ya wazee wetu iliyoandikwa katika kitabu kilichosomwa Mashariki na Magharibi: kata ya maji na kipande cha jamvi. Anayechimba kisima mlangoni pa msikiti hajui ni nani atakayeteka maji yake kesho. Mgeni hutoka chomboni, miguu imejaa mchanga na chumvi, hana haja ya kuomba maji kwa mtu wala kubisha hodi. Aliyeweka kata amekwisha kumfikiria kabla hajafika.

Kutoka Mombasa alikwenda Kilwa, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Sultani huyo alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafakiri na kula pamoja nao. Ijumaa moja alipokuwa akitoka msikitini kwenda kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akazitaka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile alizoziomba. Mwana wa Sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na Sultani aliposikia watu wanavyolisifu tendo lake, akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Haki ni kuisema yote. Sultani huyo alikuwa akipigana na watu wa bara na kuwateka, na watumwa walikuwa miongoni mwa vipawa vyake. Sisi hatuwezi kuusifu ukarimu wa kumpa mgeni mmoja uhuru wa wageni kumi. Aliyeteremshwa kutoka bara akiwa amefungwa kamba naye alikuwa mgeni katika Kilwa, tena mwenye haja zaidi kuliko fakiri wa Yemen. Twalichukua kwa Sultani lile lililo jema, nalo ni kusimama njiani alipoitwa na mtu asiye na cheo. Na lile lisilo jema twaliacha, huku tukijua kuwa watu wa pwani tuliliendesha kwa karne nyingi baada yake.

Alipokufa, alitawala nduguye Dawud, aliyekuwa kinyume chake. Wageni walikaa mlangoni kwake miezi mingi na kupewa kidogo sana, hatta watu wakaacha kumwendea. Na kila anayeisoma khabari ya Kilwa katika kitabu hicho hulikuta jina la Hasan na jina la Dawud pamoja.

Mafundi wa Anatolia

Ibn Battuta alipofika nchi ya Waturuki, ambako hakuijua lugha ya watu, alikuta jamaa za vijana wa kazi za mikono walioitwa Akhi. Huko Antalya alijiwa na mtu aliyevaa nguo kuukuu na kofia ya sufi, akamwalika yeye na wenzake kwa chakula. Ibn Battuta alishangaa, akahofu kumtia gharama mtu masikini. Mkalimani wake akacheka, akamweleza kuwa mtu yule ni fundi wa viatu na mkuu wa jamaa ya mafundi wapatao 200, waliojenga nyumba ya kupokea wageni, na kwamba wanachokichuma mchana hukitumia usiku kwa ajili ya wageni na masikini.

Katika mji wa Ladhiq mambo yalikuwa makubwa zaidi. Alipokuwa akipita sokoni, watu walitoka madukani wakashika hatamu za farasi wa wasafiri. Wengine wakaja wakawazuia, na visu vikachomolewa. Ibn Battuta na wenzake walidhani wamevamiwa na wanyang'anyi. Kumbe zilikuwa jamaa mbili zikigombana ni ipi itakayowachukua wageni hao nyumbani kwake kwanza! Mwishowe wakapiga kura, kila jamaa ikapata zamu yake. Ugomvi si jambo la kusifiwa. Lakini twajiuliza ni lini katika miji yetu watu waliwahi kugombana kwa ajili ya mgeni asiye na mali.

Bara Hindi na kurudi kwake

Baada ya hapo aliingia Bara Hindi, akawa kadhi wa Delhi kwa miaka kadhaa chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq. Kisha Sultani akamtuma kuwa balozi kwa mfalme wa China. Hawajafika mbali, karibu na mji wa Koil, walishambuliwa. Ibn Battuta akatekwa, akavuliwa nguo, akaponea chupuchupu, akazurura siku nyingi maporini akila majani. Balozi wa mfalme hakubakiwa na chochote. Alipokuwa hoi alitokea mtu mweusi amechukua chombo cha maji na fimbo, akamtolea salamu. Akampa dengu na wali, akamnywesha maji. Ibn Battuta alipojaribu kwenda miguu yake ilikataa. Mtu yule akamchukua mgongoni. Ibn Battuta akapitikiwa na usingizi, na alipozindukana alijiona yuko katika kijiji, na yule aliyemchukua hayupo. Wakaaji wa kijiji hicho walikuwa Mabaniani na mkuu wao Muislamu, naye akamchukua nyumbani kwake akampa chakula cha moto.

Ibn Battuta aliamini kuwa mtu yule ni walii aliyetabiriwa. Sisi hatuna haja ya kuingia katika hayo. Latutosha lile lililo dhahiri, kuwa mtu alimkuta mtu asiyemjua ameanguka njiani, akambeba kwa mgongo wake, wala hakungoja kushukuriwa.

Baada ya hayo alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, akapita Serendib na Bengali na Sumatra, na katika kitabu chake ameeleza pia khabari za China. Aliporudi Moroko mwaka wa 1349 alipata khabari kuwa mama yake amekufa kwa tauni, na baba yake alikuwa amekwisha kufa miaka mingi kabla. Kisha akaenda Andalus, na mwaka wa 1352 akavuka jangwa kwenda Mali.

Yafaa tuitaje pia aibu yake moja, kwani maulamaa wetu walioandika maisha ya watu hawakuficha. Alipokuwa Mali aliambiwa kuwa zawadi ya mfalme imemjia, akasimama akitaraji mavazi na fedha. Akaona mikate mitatu na kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akawaona watu hao ni wapungufu wa akili kwa kukitukuza kitu kidogo. Huyu ndiye kijana aliyelia Tunis kwa kukosa salamu! Kuketi na wafalme kulimzoeza kuupima wema kwa uzito wa dhahabu. Ugonjwa huu humpata kila mwenye kupewa sana, naye asipojihadhari huisahau siku aliyokuwa mhitaji.

Kwa amri ya Sultani wa Moroko alimsimulia safari zake mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikamalizika mwezi wa Desemba 1355. Njia alizozipita zakisiwa kuzidi kilomita 100,000. Baadaye alikuwa kadhi katika mji mmoja wa nchi yake, na yasemwa kuwa alikufa mwaka wa 1368 au 1369. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Deni letu

Sasa nairudia ahadi yangu. Miezi michache baada ya safari yangu, yule mzee wa Ndabibi aliteremka pwani kumleta mjukuu wake aliyepata kazi. Akamaliza shughuli yake, akachukua mfuko mdogo wa viazi alioniletea, akauliza mtaa wetu mpaka akaufikia. Siku hizo mimi nilikuwa Lamu. Mzee aliketi penye baraza ya msikiti wetu tangu Alasiri hatta Isha. Watu waliingia wakatoka, wakaingia wakatoka, sala tatu. Katika hao wamo wanafunzi wa darasa letu, na wengine tulikuwa tumesoma pamoja nao mlango wa haki za msafiri. Hakuna aliyemwuliza amtakaye. Mmoja alimwambia ainuke, kwa kuwa baraza inataka kufagiwa. Akainuka, akaenda kulala kituo cha mabasi. Viazi aliviacha dukani jirani, na mtoto wa dukani ndiye aliyenipa khabari niliporudi.

Hakuna aliyemtukana mzee yule, wala aliyemdhulumu mali yake. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Mmoja alidhani ni mgeni wa mwingine, na mwingine alidhani ni mwombaji. Na katika Tunis pia hakuna aliyemtendea Ibn Battuta uovu. Walikuwa wakiamkiana wao kwa wao tu.

Twajua sote kuwa Qurani Tukufu, ilipoamrisha wema kwa wazazi na jamaa na mayatima na masikini na jirani, ilimtaja pamoja nao msafiri. Na twajua kuwa Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni jambo gani katika Uislamu lililo bora, alitaja kulisha chakula na kumtolea salamu umjuaye na usiyemjua. Twayasoma hayo kila mwaka. Mzee wa Ndabibi hakuyasoma, naye aliyatenda. Sisi tuliyasoma tukampitia juu ya baraza.

Niliona haya kumwandikia barua, nikapanda kwenda huko mwenyewe. Alinipokea kama mara ya kwanza. Kuku aliletwa akiwa hai pamoja na kisu, na maji yakatiwa moto, wala hakulitaja jambo lile mpaka nilipolitaja mimi. Nilipomwomba radhi, alisema tu kuwa alidhani watu wa mjini wana kazi nyingi.

Basi tumeazimia katika darasa letu mambo mawili, nasi twawaomba ndugu zetu wa misikiti mingine watufuate. La kwanza, baada ya kila sala mmoja wetu, kwa zamu, aangalie msikitini na barazani, na amwonapo mtu asiyejulikana amtolee salamu na kumwuliza amefikia wapi. La pili, pasikosekane mlangoni chombo cha maji safi ya kunywa kwa kila apitaye, awe Muislamu au asiwe. Hayo hayana gharama ya kumshinda mtu. Wazee wetu walikuwa na kata na kipande cha jamvi, na mgeni aliyelala usiku mmoja tu akawasifu kwa karne saba. Wala hatujui ni mgeni yupi katika wapitao leo mlangoni petu atakayeulizwa kesho khabari zetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapuuza, na atujaalie kuwa miongoni mwa wayatendao wanayoyasoma. Amin.